Msiuze Ng'ombe kwa Ajili ya Core i7

Kila mwaka, vyuo vikikaribia kufunguliwa, familia nyingi za Arusha huingia kwenye hesabu moja inayouma. Mtoto amepata nafasi ya kusomea kompyuta, pengine Chuo cha Ufundi Arusha pale kwenye makutano ya barabara za Moshi na Nairobi, pengine Chuo cha Uhasibu kule Njiro. Ada imeshajulikana. Chumba cha kupanga Levolosi kimeshaulizwa kodi. Linabaki jambo la laptopu, na hapo kila mwenye mdomo hugeuka mtaalamu. Mjomba aliyeko Dar es Salaam anapiga simu kusema isiwe chini ya prosesa ya Core i7. Muuzaji dukani anamwambia mzazi, "Mama, kama kijana anasomea programu, mchukulie yenye kadi ya picha kabisa. Hizi nyingine zitamkwamisha." Kijana mwenyewe ameshatazama video za wenzake wa ng'ambo waliokaa mbele ya MacBook, naye ameamini kwamba bila mashine ya namna hiyo masomo hayaanzi.

Basi ng'ombe anatolewa zizini Nkoaranga, fedha za kikoba zinakopwa, na wasio na ng'ombe wala kikoba wanaangukia mikopo ya kausha damu, ambayo riba yake huanza kula kabla kijana hajaandika mstari wa kwanza wa programu. Yote haya hufanywa kwa mapenzi, na simlaumu mzazi yeyote kwa kutaka mtoto wake asipungukiwe. Ninaowalaumu ni washauri wanaotoa kauli nzito juu ya fedha zisizo zao, bila kujua mwanafunzi wa programu hushinda akifanya nini.

Kauli yangu ni hii, na nitaitetea hadi mwisho: mwanafunzi anayeanza kujifunza kuandika programu hahitaji laptopu ya mamilioni. Anahitaji mashine itakayompa saa nyingi za kazi. Iwake upesi, ikae na chaji umeme ukikatika, kibodi yake isimchoshe vidole, na ikiharibika fundi wa hapa mjini aweze kuirudisha mkononi mwake siku hiyohiyo au kesho yake. Kuandika programu hujifunzwa kwa kuandika, kukosea, kusoma kosa, kurekebisha na kuandika tena. Kila kinachomwongezea mwanafunzi saa za kufanya hivyo kina thamani. Kisichomwongezea ni mzigo, hata kiwe na jina kubwa namna gani.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu hapo ndipo imani ya i7 inapoanza kupasuka. Programu ni maandishi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaandika mistari ya lugha ya C, au Python, au Java, anaihifadhi kwenye faili dogo kuliko picha moja ya WhatsApp, kisha anaiambia kompyuta iitekeleze. Baadaye anaingia kwenye kurasa za wavuti kwa HTML, PHP na JavaScript, na kwenye hifadhidata kwa MySQL. Lugha ya C ilibuniwa na Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa mashine ambazo kumbukumbu yake leo isingetosha hata wimbo mmoja wa simu. Visual Studio Code, programu ambayo wanafunzi wengi huandikia kazi zao, kwa maelezo ya Microsoft wenyewe inataka prosesa ya GHz 1.6 na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 1. Hata tukiongeza Windows, kivinjari chenye kurasa kumi zilizofunguliwa na muziki unaopigwa kwa nyuma, mashine yenye RAM ya GB 8 na SSD, yaani hifadhi ya kasi isiyo na diski inayozunguka, inabeba vyote hivyo bila kuhema.

Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alianza kuandika mfumo endeshi wa Linux akiwa chumbani kwake kwa kompyuta ya prosesa 386 yenye RAM ya MB 4. Linux ndiyo inayobeba leo sehemu kubwa ya seva za dunia, na ndiyo iliyo chini ya kila simu ya Android inayouzwa hapa mjini. RAM ya GB 8 ni mara 2,048 ya ile aliyokuwa nayo. Karibu na kwetu, Januari 2008, Wakenya na marafiki zao walijenga jukwaa la Ushahidi kwa siku chache ili kukusanya taarifa za machafuko yaliyofuata uchaguzi. Laptopu za mwaka huo zinazidiwa mbali na laptopu ya kiofisi iliyotumika ambayo leo muuzaji anamkataza mzazi asiiguse.

Wapo watakaojibu kwamba programu za sasa ni nzito kuliko za 1991 au 2008. Ni kweli, na nitataja nzito kabisa ambayo mwanafunzi wetu anaweza kukutana nayo: Android Studio, ya kutengenezea programu za simu. Hiyo inataka angalau RAM ya GB 8, na GB 16 ukitaka kuwasha simu ya bandia ndani ya kompyuta. Lakini mwanafunzi si lazima awashe simu ya bandia. Anachukua simu yake ya Android, anaichomeka kwa waya wa USB, anaruhusu hali ya majaribio kwenye mipangilio, na programu aliyoiandika inafunguka kwenye simu halisi mbele yake. Na kama laptopu aliyonunua ina nafasi ya kuongeza RAM, fundi anaichomeka kwa dakika chache. Uzito wa Android Studio unadai RAM. Haudai kadi ya picha ya michezo, na haudai milioni tatu.

Sasa tuitazame hiyo i7 yenyewe. Jina Core i7 lililobandikwa kwenye mashine halimwambii mnunuzi nguvu yake mpaka asome tarakimu zinazofuata. Chukua prosesa mbili za Intel: i7-7500U, iliyotoka 2016, na i5-8250U, iliyotoka 2017. Ya kwanza ina viini viwili, yaani sehemu mbili zinazofanya hesabu kwa wakati mmoja. Ya pili ina viini vinne. Aliyenunua "i7" hapo amelipa zaidi akapata nusu ya viini. Rudi nyuma kidogo ukutane na i7-4600U ya mwaka 2013. Nayo ina viini viwili, ni ya kizazi cha nne, na bado inaweza kuwekwa kabatini ikiwa na kibandiko cha i7 kinachong'aa. Muuzaji anayetaja i7 bila kutaja kizazi, ama hajui anachouza, ama anategemea kwamba mnunuzi hajui anachonunua.

Usomaji wake ni rahisi, na kila mzazi anaweza kuushika. Baada ya i3, i5 au i7, tarakimu ya kwanza ya namba yenye tarakimu nne ndiyo kizazi: 8250 ni kizazi cha nane. Namba ikiwa na tarakimu tano, au ikiwa na nne lakini inaanza na 1, zile mbili za mwanzo ndizo kizazi: 10210 ni kizazi cha kumi. Kwa mwanafunzi anayeingia chuo sasa, kizazi cha nane ndicho mpaka ninaoutetea, kwa sababu inayoeleweka. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel hukubali rasmi kuanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache sana za kabla yake. Aliye na mashine ya kizazi cha sita au saba asiitupe: aiwekee Ubuntu au Linux Mint, mifumo isiyolipiwa, na atajifunza mengi kuhusu kompyuta kwa kufanya hivyo tu. Lakini anayeingia dukani na fedha mkononi asikubali kizazi cha nne kwa sababu ya kibandiko.

Imani ya pili ninayoipinga ni ya "mpya". Wazazi wengi wameambiwa kwamba kilichotumika ni mkosi, na kwamba afadhali kitu kipya chenye boksi na harufu yake. Hebu tuone bei ya laptopu nzuri iliyotumika inampatia mzazi kitu gani kipya. Mara nyingi inampatia mashine nyepesi ya plastiki yenye prosesa ya Celeron, kwa mfano N4020 yenye viini viwili, RAM ya GB 4 iliyoungwa moja kwa moja kwenye ubao mama, na hifadhi ya eMMC ya GB 64. RAM haiongezeki kwa sababu imeungwa. Hifadhi haibadilishwi kwa sababu nayo imeungwa. Windows ikishajipanua na masasisho mawili matatu, nafasi inayobaki ni finyu mno kwa Android Studio. Mashine hiyo ni mpya siku moja. Miaka mitatu inayofuata mwanafunzi anakaa mbele ya duara linalozunguka.

Kwa fedha hiyohiyo kuna laptopu zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi: Lenovo ThinkPad T480, Dell Latitude 5490, HP EliteBook 840 G5. Zote tatu ni za mwaka 2018 na zinapatikana na prosesa za kizazi cha nane. Zote zina nafasi mbili za RAM na SSD inayofunguliwa kwa bisibisi. Kampuni kubwa za Ulaya, Marekani na Ghuba huzitumia miaka mitatu au minne kisha huzitoa zote kwa mkupuo. Nyingi hupitia Dubai na kufika Kariakoo, na kutoka hapo zinapanda hadi maduka ya Arusha. Ziliundwa kwa matumizi ya kila siku kwa miaka mingi, na watengenezaji wao wote watatu huweka wazi vitabu vya ufundi vinavyoonyesha kila skrubu inakofunguliwa. Kwa kawaida hapa mjini zinauzwa kati ya laki tano na laki nane, kutegemea RAM na hali yake, wakati laptopu mpya ya michezo au MacBook mara nyingi humdai mzazi milioni mbili na nusu na kuendelea.

Neno "matengenezo" lina uzito mkubwa kuliko linavyopewa. Kibodi ya ThinkPad T480 ikimwagikiwa chai, fundi anaibadilisha. Feni ikijaa vumbi la kiangazi cha Arusha, inafunguliwa, inasafishwa na kupakwa jeli mpya ya joto. Kioo kikipasuka, kipuri kinapatikana kwa sababu mashine za aina hiyo ni nyingi mtaani. Jaribu hayo kwa laptopu nyembamba ya kifahari iliyoungwa na kugandishwa kila sehemu. Mwanafunzi wake atasubiri kipuri kutoka mbali huku mtihani wa vitendo ukimkuta mikono mitupu. Mashine iliyolala kwa fundi wiki mbili haina faida, hata ingekuwa na kasi ya ajabu siku ilipoingia.

Kuna pia suala la umeme, ambalo washauri wa ng'ambo hawana haja ya kulifikiria na sisi hatuwezi kulikwepa. Laptopu ya michezo yenye kadi ya picha kwa kawaida huja na chaja inayozidi wati 100, na mashine ikiwa na kazi nzito betri yake huisha mapema. Chaja ya T480 ni ya wati 45 au 65. Kwa mpangaji wa Levolosi anayechangia LUKU na majirani watatu, tofauti hiyo inaonekana kwenye yuniti na inaonekana kwenye maneno ya mwenye nyumba. Umeme ukikatika jioni, mwenye T480 ana betri mbili: moja ndani, nyingine ya nyuma inayochomolewa na kubadilishwa bila kuzima mashine, na bandari ya USB-C inayopokea chaji. Mwenye mashine ya michezo anafunga kifuniko na kulala. Kesho yake asubuhi anabeba zaidi ya kilo mbili, pamoja na chaja nzito, kwenye daladala iliyojaa kuelekea Njiro. Polepole anaanza kuiacha chumbani, na laptopu inayoachwa chumbani haihudhurii darasa.

Hoja ya wapinzani ninayoiheshimu zaidi ni hii: vilivyotumika ni bahati nasibu. Wapo walionunua leo, mashine ikafa wiki ijayo. Sikatai. Lakini hatari inayopimika si bahati nasibu, na vipimo vyake havihitaji shahada. Mzazi aende dukani pamoja na mtu anayejua, hata mwanafunzi wa mwaka wa tatu, na asiwe na haraka. Waiwashe mashine ikiwa baridi. Wafungue dirisha la amri waandike powercfg /batteryreport. Windows itatoa ripoti inayoonyesha betri ilitengenezwa ibebe kiasi gani na sasa inabeba kiasi gani. Iliyotengenezwa kubeba mWh 50,000 na sasa inabeba 25,000 imepoteza nusu ya uwezo wake, na bei ishuke au betri ibadilishwe hapohapo. Waipime SSD kwa programu ya CrystalDiskInfo. Waandike kwenye ukurasa mtupu wakibonyeza kila kitufe cha kibodi. Wachomeke kitu kwenye kila bandari. Waifanye skrini iwe nyeupe watafute madoa, kisha iwe nyeusi watafute mwanga unaovuja pembeni.

Halafu kuna mitego miwili ambayo wengi hawaijui. Wa kwanza ni nywila ya BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayotangulia Windows, iliyoachwa na kampuni iliyokuwa ikiimiliki mashine. Waingie BIOS mbele ya muuzaji, na wakikuta imefungwa, wairudishe mezani. Wa pili ni usajili wa kampuni unaobaki kwenye mifumo ya Microsoft: mashine inafanya kazi vizuri, lakini siku utakayopiga Windows upya ukiwa kwenye intaneti inadai akaunti ya kampuni usiyoijua. Dawa ni kumtaka muuzaji apige Windows upya mbele yako ikiwa imeunganishwa na intaneti. Mwisho, risiti halali ya EFD na dhamana ya maandishi, hata iwe ya miezi mitatu. Anayekataa kutoa risiti anauza kitu ambacho hata yeye hataki kijulikane kimetoka wapi. Ukiyafanya haya yote, hatari inayobaki ni ndogo kuliko hatari ya kuweka milioni tatu kwenye kitu kimoja kinachoweza kuibwa kwenye daladala siku ya kwanza.

Sasa wapinzani wamekuja na hoja mpya: akili bandia. Wanasema dunia imehamia huko, na bila kadi kubwa ya picha kijana ataachwa. Hoja hii inachanganya vitu viwili. Mifumo mikubwa ya akili bandia hufundishwa kwenye maghala ya seva zenye maelfu ya prosesa maalumu, na hakuna laptopu ya duka lolote la Arusha, hata ya milioni tano, inayokaribia hapo. Mwanafunzi anayejifunza misingi yake huanza na Python, takwimu na mifano midogo, vitu ambavyo GB 8 inavimudu. Akifika mahali pa kuhitaji kadi ya picha, Google Colab inamruhusu kuitumia kupitia kivinjari, kwa kiasi fulani bila malipo, na hesabu zinafanyika kwenye seva za mbali. Atakayefika utafiti mzito wa uzamili, tuseme Taasisi ya Nelson Mandela kule Tengeru, atakuwa ameshajua anahitaji nini, na mara nyingi atakikuta maabara. Kumnunulia kijana wa mwaka wa kwanza mashine ya utafiti ambao hajauchagua ni kulipia ndoto ya muuzaji.

Nakubali kuna watu ambao maneno yangu hayawagusi. Anayetaka kutengeneza programu za iPhone atahitaji Mac, kwa sababu Xcode, programu ya kuziandikia, haifanyi kazi kwingine. Anayesomea uhuishaji wa 3D, uhariri wa video au utengenezaji wa michezo mikubwa anahitaji kadi ya picha. Hao ni wachache, na wanajijua. Wengi wanaoingia vyuo vyetu wanakwenda kujifunza misingi, na simu nyingi mno nchini mwetu ni za Android. Haifai wachache hao wawe kipimo cha kumkopesha kila mzazi.

Wala sitaki kutumiwa na wale wa upande wa pili, wanaosema chochote kinatosha, hata simu. Simu haitoshi. Mtu anaweza kusoma maelezo ya Python kwenye simu na hata kuandika mistari kumi, lakini hawezi kufungua kazi yenye mafaili arobaini, kuendesha hifadhidata na kutafuta kosa huku akibonyeza kioo kwa dole gumba. Wala maabara ya chuo haitoshi peke yake: ina ratiba, ina foleni, na inafungwa. Laptopu yenye RAM ya GB 4 na diski ya zamani inayozunguka nayo haitoshi, kwa sababu itamlia muda uleule tunaoutetea. Mwanafunzi wa programu anahitaji kompyuta yake mwenyewe. Ninachopinga ni kuugeuza ulazima huo kuwa kisingizio cha kumkamua mzazi.

Taifa hili lina kumbukumbu yake juu ya kukimbilia mashine ya gharama. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa mashine ya gharama kubwa kwa nchi changa, na ilikusudiwa kuendesha hesabu za serikali. Wataalamu wa ndani walikuwa hawajaandaliwa, mfumo wa hesabu ukavurugika, na serikali ikapata hasara. Mwaka 1974 Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na ilichukua miaka mingi mlango huo kufunguliwa tena. Mashine ilitangulia watu, na kilichokosekana kilikuwa saa za mafunzo. Leo familia moja moja zinarudia kosa la taifa kwa kipimo chao: zinalipa mashine kwanza, kisha fedha za kumfundisha aliyekabidhiwa zinakuwa zimekwisha.

Maana fedha hizo zina kazi. Weka laptopu ya 700,000 upande mmoja na ya 2,500,000 upande mwingine: tofauti ni 1,800,000. Mwanafunzi akitenga 30,000 kila mwezi kwa bando, mwaka mzima ni 360,000. Tofauti ile ingemlipia intaneti miaka mitano, muda unaozidi stashahada yoyote. Intaneti ndiyo inayompeleka kwenye mafunzo ya bure, kwenye nyaraka rasmi za lugha anayojifunza, na kwenye Git na GitHub, ambako kila jioni anapandisha kazi yake ili laptopu ikiibwa kazi isiibwe nayo. Mwanafunzi mwenye ThinkPad ya laki sita na bando la kila mwezi atamwacha mbali mwenye mashine ya milioni tatu anayekaa bila bando wiki mbili kila mwezi. Na mwanafunzi anayejua kwamba nyumbani wanadaiwa kwa sababu ya laptopu yake, kila akiifungua anaona deni kabla ya kuona kazi.

Linabaki suala la hadhi, na sitalipita kimya, kwa sababu ndilo linalosukuma mengi ya haya. Mzazi hataki mwanawe adharauliwe darasani. Kijana hataki kutoa mashine yenye mikwaruzo mbele ya wenzake. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Mkulima wa miteremko ya Meru hachagui jembe kwa kung'aa kwake. Anatazama udongo wa shamba lake, anatazama mpini unavyokaa mkononi, na msimu ukiisha watu wanahesabu magunia. Ndivyo ilivyo kwa programu: ukishaonyesha mfumo unaofanya kazi, hakuna mwajiri anayeuliza uliuandikia kwenye mashine gani. Nawasihi walimu wa vyuo nao wafanye sehemu yao. Barua ya kujiunga na chuo ingeweza kubeba mistari minne inayosema wazi: RAM angalau GB 8 na nafasi ya kuongeza, SSD ya GB 256, prosesa ya kizazi cha nane na kuendelea, iliyotumika inakubalika. Mistari minne hiyo ingeokoa ng'ombe wengi.

Kwa mzazi anayejiandaa sasa, nakusihi hivi. Usikope kausha damu kwa ajili ya laptopu. Usiuze kilichokulisha kwa sababu ya kibandiko. Tafuta laptopu ya kiofisi iliyotumika yenye vigezo hivyo, ipime kama nilivyoeleza, dai risiti, na fedha itakayobaki iweke kwa ajili ya bando na RAM ya baadaye. Kisha, kila mwisho wa mwezi, mwulize mwanao swali moja: umeandika programu gani mwezi huu? Akikuonyesha inayofanya kazi, umenunua laptopu sahihi.